Mgeni wa Baba Kutoka Orkney

Mtaa wa Kanisa,
Porthcarrow,
Cornwall.
19 Mei 1868

Mpendwa kaka Pascoe,

Pokea salamu za upendo kutoka nyumbani, wewe na wifi yangu Elspeth na watoto. Barua hii ikifika huko Otago, upande wa pili wa dunia, ninyi mtakuwa mmejikunyata motoni na sisi tutakuwa tunavuna, kwa hiyo naanza kwa kuuliza habari za baridi. Je, mna kuni za kutosha? Kifua cha Jenifer kimepona? Na ule mguu wako uliokanyagwa na farasi, bado unachechemea? Usinifiche, Pascoe. Nakujua, wewe husema sijambo hata ukiwa umelazwa.

Sisi huku tu wazima. Nimeandika neno hilo taratibu na kulitazama, kwa sababu katika barua yangu ya Desemba sikuweza kuliandika.

Kabla sijaenda mbali, nakuomba sana: kama hujauza shamba, usiuze. Kama barua ile ilikutisha ukaanza kutafuta mtu wa kununua kondoo ili uwahi kuja kumzika Baba, mwambie mtu huyo aende zake. Baba hafi. Jana alikula dagaa wa chumvi, akaomba wengine, kisha akamgombeza Shangazi Thomasine kwamba viazi havijaiva. Shangazi aliingia jikoni akalia kwa furaha, akatoka akamjibu kwa ukali kama kawaida yake. Sasa nikueleze jinsi tulivyofika hapa.

Unajua kwamba kiharusi kilimpiga Novemba, na kwamba mkono wake wa kulia ulikufa. Ambalo sikukuandikia ni habari ya mdomo. Maneno yalimtoka vipande vipande, na yale aliyoyataka siyo yaliyokuja. Akitaka chumvi alisema kiatu. Siku moja mteja mmoja katika duka letu la dawa alicheka, si kwa ubaya, lakini alicheka, na tangu siku ile Baba akanyamaza kabisa. Aliingia chumbani, akaifunika hadubini yake kwa kitambaa cha mezani, akakigeuza kiti kikaelekea ukuta. Alikula kama mtu anayetimiza hukumu. Daktari wetu alinivuta pembeni akaniambia ulimi ungeweza kufunguka kama angeutumia, lakini ukikaa bure miezi mingi utabaki hivyo hivyo.

"Mfanye aseme, Bi Loveday," aliniambia.

"Nimfanye vipi, Daktari? Hata Shangazi ameshindwa kumtoa neno, na unamjua Shangazi."

Akachukua mkoba wake akaaga.

Sasa, Mzee Isbister unamkumbuka kwa jina tu, kama mimi nilivyomjua hapo awali. Ni yule mchungaji wa kanisa huko Orkney, visiwa vya kaskazini kabisa ya Uskoti, aliyekuwa akimtumia Baba vifurushi vya mwani tangu sisi watoto. Unakumbuka vile vifurushi vilivyokuwa vikivuja kwenye ngazi, Mama akisema yule mtu anatupostia bahari yote kidogo kidogo? Urafiki wao ulianza Baba alipouliza swali katika gazeti moja la watu wanaochunguza viumbe, na mtu asiyemjua akamjibu kurasa kumi na mbili. Hawakuwahi kuonana. Sisi tunaishi kwenye kidole cha mguu cha nchi hii na yeye yuko utosini. Lakini Mama alipofariki, Baba hakulia mbele yetu. Alijifungia akamwandikia Mzee Isbister. Ndipo nilipojua kwamba kuna mtu mmoja duniani anayeambiwa mambo ambayo sisi hatuambiwi.

Kabla ya ugonjwa walikuwa wamegombana kuhusu mwani mmoja mwekundu, mdogo kama ukope. Mzee Isbister alisema ni wa aina mpya. Baba alisema ni ule ule wa zamani, ila bado mchanga. Barua ya mwisho ya Baba ilimalizika kwa kusema, "Rafiki yangu, badilisha miwani." Kisha kiharusi, kisha kimya. Maskini yule mzee alidhani amemkasirisha. Alituma barua msimu mzima wa baridi. Baba alitambua mwandiko kwenye bahasha, akazisukuma zote chini ya mto wa kiti. Nilimwomba anikubalie nimsomee hata moja. Alitikisa kichwa na macho yakajaa machozi. Nikaelewa: hakuchukia, aliona haya. Alitaka abaki moyoni mwa rafiki yake yule yule Hannibal Nance mwenye mwandiko mzuri na maneno makali.

Mwezi Machi mimi mwenyewe nikamwandikia Mzee Isbister, bila kumwomba Baba ruhusa. Nilimweleza yote. Nikamsihi asiache kuandika, aandike mambo ya kawaida tu, ya mvua na ya samaki. Hakujibu. Majuma yakapita, nami nikasema moyoni, basi, hata huyu ametuchoka.

Wiki ya pili ya Aprili, mchana, mvua inanyesha ya upande upande, mlango ukagongwa. Shangazi akafungua. Mlangoni alisimama mzee mfupi, mnene, mwenye mashavu mekundu, maji yanamtiririka kofiani, na kikapu kilichofunikwa magunia.

"Leo hatununui kitu," Shangazi akasema, akaanza kufunga.

"Siuzi kitu, mama."

"Basi kama ni vijitabu vya dini, sisi tuna kanisa letu."

"Hata mimi ninalo langu, mama, na linavuja kuliko kofia hii. Naitwa Magnus Isbister. Nimekuja kumwona Hannibal Nance, kama bado anataka kuonana nami."

Pascoe, nilishika ukuta. Siku zote nilimwaza mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Huyu sauti yake ilikuwa ya kuita mashua katikati ya dhoruba. Alikuwa amepanda meli iliyomtapisha mpaka bandari ya Leith, kisha treni moja baada ya nyingine kuvuka nchi nzima, na kutoka stesheni ya Truro alichukuliwa kwenye mkokoteni wa samaki. Ndiyo maana hakujibu barua yangu. Jibu lilikuwa limepanda treni.

Baba alisikia sauti. Tulisikia fimbo yake ikigonga sakafu, tukadhani anakuja. Mlango wa chumba chake ukafungwa, na kiti kikaburutwa kuuzuia.

Mzee Isbister akasogea, akauwekea mlango kiganja. "Hannibal. Ni mimi." Akagonga kidogo. "Haya. Nimengoja barua zako majira yote ya baridi, mlango hautanishinda." Kisha akanigeukia. "Binti, kuna chai?"

Tulimlaza katika chumba chako. Akaanza siku hiyo hiyo kukosana na Shangazi, maana aliona kazi ya kufungua kikapu chake haiwezi kungoja, akamwaga mwani wote kwenye bakuli kubwa la jikoni.

"Hilo bakuli langu la kukandia unga!"

"Mwani huu kwetu unaliwa, mama."

"Kwenu labda. Hapa tunakula kama Wakristo."

Aliomba radhi kwa heshima, akala vipande vinne vya mkate wa zafarani wa Shangazi mfululizo, na mwenye mkate akapoa kidogo.

Lakini kwa Baba hakukufunguka kitu. Mzee aliweka kiti ukumbini nje ya mlango akawa anaongea na mbao. Alimsimulia habari za waumini wake, za ng'ombe wake asiyependa upepo, za mawimbi yaliyoondoa ukuta wa makaburi. Wakati mwingine alinyamaza na kungoja, kama mtu aliyemaliza barua na anasubiri posta. Mimi peke yangu Baba alinifungulia niingize chakula, kisha akarudi kukaza macho ukutani, mkono wake wa kushoto umeukamata ule uliokufa.

Alhamisi nilimkuta mgeni wetu jikoni, ameinama, kofia mkononi.

"Binti, labda nimefanya vibaya kuja," akaniambia. "Mtu ana haki ya kufunga mlango wake. Nimemvamia nyumbani kama mdai."

"Usiseme hivyo, Mzee."

"Jumamosi nitaondoka. Kanisa haliwezi kukaa bila mtu."

Nilikwenda uani nikajidai naanua nguo.

Ijumaa baada ya chakula cha asubuhi alinifuata akiwa na sura nyingine. Akaniomba albamu kubwa ya Baba, ile ya mwani uliokaushwa na kubandikwa. Akaketi pale pale mlangoni, akaniita mimi na Shangazi tukae karibu, akafungua ukurasa wa kwanza, akasema kwa ile sauti yake ya kuita mashua:

"Mwani mzuri. Lakini ona, binti, baba yako amekosea. Anasema huu aliuokota kwenye miamba ya mbali, maji yalipokupwa mno, bamvua ya Machi. Haiwezekani. Huu unaota matopeni tu, tena kwenye mito."

Nilishtuka. Hata mimi najua ule hauoti matopeni. Nilifungua mdomo nimsahihishe, akaweka kidole midomoni mwake. Ndani ya chumba kiti kikalia.

"Na huu mwekundu," akaendelea, "mimi naona si mwekundu. Ni wa kijani ulioungua jua. Masikini Hannibal, siku hiyo labda alikuwa na homa."

Kiti kikalia tena. Shangazi, ambaye hajui mwani wala hataki kuujua, alikuwa anamtazama kama mtu aliyerukwa na akili.

Akafika kwenye ule mwani mpana wa kahawia, ule Baba alioupenda kuliko yote, alioufuata majini mpaka kifuani siku uliyozaliwa wewe. Mzee Isbister akaunyanyua ukurasa kwenye mwanga.

"Huu sasa ni aibu. Huu haujawahi kuiona bahari. Hili ni jani la kabichi."

"La kabichi?" Shangazi akauliza.

"La kabichi, mama. Bila shaka la bustani yako. Tulibandue tu, lisimharibie jina..."

Kiti kilianguka. Mlango ulifunguka kwa nguvu hata mgeni akanusurika kupinduka. Baba alisimama pale bila fimbo, nywele zimesimama, mdomo umekwenda upande.

"Mpu," akasema. "Mpum... mpu..." Akafumba macho, akakusanya nguvu zote alizonazo. "Mpumbavu!"

"Hannibal!" Shangazi akapiga kelele. "Kwa mchungaji!"

Lakini mchungaji alikuwa ameshasimama, machozi yanamwagika kwenye yale mashavu. "Mpumbavu hasa, rafiki yangu. Mpumbavu wa kupindukia. Nisahihishe."

Na Baba akamsahihisha. Aliuwekea ukurasa kidole cha mkono wa kushoto, akalitaja jina la Kilatini la mwani ule, lote, limepinda lakini zima. Kisha nadhani ndipo alipokumbuka kwamba huyu aliye mbele yake ni nani. Walitazamana, Pascoe. Watu waliojuana zaidi ya miaka ishirini, ndiyo kwanza wanaonana sura. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akamgusa shavu.

"Mnene," akasema.

Mzee Isbister alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Na wewe mrefu mno! Siku zote nilikuwa namwandikia mtu mfupi!"

Siku zile za baadaye nilimuuliza Baba kama kweli alidanganyika. Alitikisa kichwa. "Nilijua," akasema. Akapumzika kidogo, maana neno moja kwake bado ni kama kupanda mlima. "Lakini... kabichi!"

Jumamosi ikaja na mgeni hakuondoka. Alimwandikia mwenzake wa kisiwa cha jirani ahubiri badala yake Jumapili mbili, akakaa mpaka mwisho wa mwezi, bamvua ilipokuja na maji yakakauka hadi kwenye miamba ambayo mwaka mzima haionekani. Tulimpeleka Baba ufukweni kwa mkokoteni wa samaki wa jirani yetu Bwana Eddy. Tulimketisha kwenye jiwe, miguu majini, blanketi mabegani, na kutoka hapo akaamuru. "Kushoto. Chini. Siyo huo!" Mzee Isbister alikunja suruali, akainama kwenye vidimbwi, makalio juu, huku Shangazi akiangalia upande mwingine kwa adabu na kumkingia mwavuli kwa nyuma. Baba akasema, "Mbele," naye akaenda mbele, akatumbukia mpaka kifuani. Akaibuka ameushika ule mwani mwekundu waliougombania juu ya kichwa chake kama askari na bendera. Shangazi alicheka! Sikuwa nimemsikia akicheka tangu walipomzika mumewe.

Kuhusu mwani ule mdogo, kama ni wa aina mpya au si mpya, hawakuafikiana. Waliifunua hadubini, wakaangalia kwa zamu toka chai ya asubuhi mpaka chai ya alasiri, na kila mmoja akainuka ana hakika zaidi kwamba mwenzake hajui. Nadhani hawataki kumaliza. Lakini katika kubishana Baba alipata maneno mengi kuliko katika dawa zote za duka letu. Hasira zilimfungulia njia, na mwenzake alihakikisha hazikosekani.

Siku ya kuagana tulifuatana mpaka stesheni ya Truro. Sikupenda kuwatazama, ila nilikuwa nimemshika Baba mkono na sikuweza kwenda mbali. Mzee Isbister hakutaka kusema uongo.

"Hannibal, sidhani kama mgongo huu utaiweza safari hii tena."

Baba alitafuta neno muda mrefu. Filimbi ikapigwa, mhudumu wa treni akaanza kufunga milango ya mabehewa.

"Imetosha," Baba akasema. Akamkamata bega. "Andika."

Tuliporudi alilia njia nzima kwenye gari la farasi, wala hakujificha, na mkono wangu hakuuachia. Nilidhani tukifika atajifungia tena. Alifika, akaketi mezani, akauliza chakula kiko wapi.

Sasa kila asubuhi anafanya mazoezi ya kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zinatembea kama kaa, lakini zinasomeka. Katika kila barua ya kwenda Orkney mistari ya kwanza anaiandika mwenyewe, na inayobaki anaisema, nami naiandika. Duka analiendesha vizuri Bwana Uren, msaidizi wetu, na Baba anakaa nyuma ya kaunta na kumkosoa. Daktari anajisifu mjini kana kwamba yeye ndiye aliyemponya.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Grace wa mama mdogo ameolewa na fundi wa mgodi, kijana mpole, anaimba vizuri. Paa la kanisa limeezekwa. Dagaa bado hawajaja lakini wavuvi wanasema mwaka huu dalili ni njema. Mti wako wa tufaha umechanua upande mmoja tu, sijui kwa nini.

Na jambo la mwisho, ambalo nimeliweka mwisho kwa sababu bado nalionea aibu kidogo. Siku zile nilipokuwa nawasafishia wazee mawe waliyookota ufukweni, niliropoka kwamba lile ganda la rangi ya waridi, mwani mgumu kama chokaa, linaloota kwenye mawe ya vidimbwi hupenda zaidi upande wa kivuli. Niliropoka tu, kisha nikaenda kukaanga samaki. Wiki iliyopita ikaja barua kutoka Orkney yenye jina langu peke yangu. Mzee Isbister anauliza: ni kweli katika kila kidimbwi, au katika baadhi tu? Ananiomba niangalie, nimjulishe. Yeye anafikiri ganda lile hufa likichomwa na jua la majira ya joto. Na hakuniita binti. Ameanza hivi: "Mchunguzi mwenzangu."

Nilikaa kwenye ngazi na barua mapajani, Pascoe, na mkate ukaungua. Kesho yake nilivaa viatu vyako vya zamani nikashuka ufukweni maji yalipokupwa, na siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Shangazi anasema nimeambukizwa. Nimeviangalia vidimbwi vyote mpaka kwenye gati. Ganda lile halifi. Hupauka tu, na chini yake bado liko hai. Mzee Isbister amekosea.

Juzi niliandika jibu, nikamsomea Baba. Nilianza kwa kusema, samahani sana kwa ujasiri wangu, mimi mtu nisiyesoma, lakini kwa maoni yangu madogo... Baba alipiga meza kwa mkono wa kushoto.

"Futa samahani," akasema. "Anza... amekosea."

Nikafuta. Barua imeondoka leo asubuhi.

Wasalimie sana Elspeth na baba yake, Jenifer, na yule mdogo ambaye bado sijamwona. Shangazi Thomasine anawasalimu na anauliza kama huko kuna kanisa la karibu. Grace na mumewe wanawasalimu. Baba yuko nyuma ya kaunta na anasema nikuandikie kwamba anakupenda. Amelisema mwenyewe, neno zima. Mungu awakinge na baridi ya huko, ayatunze makundi yenu, na atukutanishe tena kwa heri na si kwa msiba.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,

Loveday Nance